Je, familia nzima iache nyama kwa sababu ya ugonjwa wa mtu mmoja?

Mama wa Buruburu

Ndugu zangu, hamjambo. Ninaomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeigawanya nyumba yetu kwa wiki tatu sasa. Mume wangu, mwenye umri wa miaka 51, alipimwa kazini akakutwa na shinikizo la damu la 158 juu ya 96, na lehemu (kolesteroli) mbaya, ile ambayo madaktari huiita LDL, ikiwa 4.6. Daktari alimwandikia dawa za aina mbili na kumwagiza apunguze chumvi, mafuta na nyama nyekundu. Mume wangu ni mtu asiyefanya jambo nusunusu. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna nyama, mayai wala maziwa yatakayoingia jikoni mwetu, kwa kuwa amesoma kwamba wanaokula vyakula vya mimea pekee hawapatwi na maradhi ya moyo, na kwamba baada ya miezi michache hatazihitaji dawa tena.

Siipingi nia yake. Kwa miaka mingi amekuwa akila soseji mbili kila asubuhi, na nyama choma kila Ijumaa na Jumapili pamoja na chumvi ya kuchovya, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsihi apunguze. Kinachonitia wasiwasi ni hao wengine tunaokula chungu kimoja. Tunaye binti wa miaka 15 ambaye amekwisha kuanza hedhi na ambaye hapendi maharagwe hata kidogo; tuna mvulana wa miaka minne; na tunaishi na mama mkwe wangu, mwenye miaka 73, ambaye anatumia metformini kwa ajili ya kisukari tangu mwaka 2014 na hula chakula kidogo sana. Mama mwenyewe anatuambia kwamba alilelewa kwa githeri na viazi vitamu, nyama ikionekana siku za sherehe tu, na haoni sababu ya watu kubishana. Je, ni kweli mlo huo una faida zote ambazo mume wangu anazitaja? Na je, sote tuufuate?

Mshauri wa Lishe, Kasarani

Dada, shikamoo kwa mama, na pole kwa wasiwasi. Nimefanya kazi ya ushauri wa lishe kwa miaka kumi na miwili, na swali lako ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu lina watu watano ndani yake.

Nianze na mumeo. Ana haki ya kuamini kwamba kuacha nyama kutamsaidia, ila amepakulia faida kupita kiasi. Mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha majaribio 30 ambamo watu walipewa mlo usio na nyama, au usio na kitu chochote cha mnyama, wakalinganishwa na wanaokula kila kitu. Lehemu mbaya ilishuka kwa takriban asilimia 10. Hilo ni punguzo la maana, na likidumu kwa miaka mingi mishipa ya moyo hunufaika. Hata hivyo, dawa za kundi la statini, ambazo naamini ni mojawapo ya zile alizoandikiwa, huishusha lehemu hiyo kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa hiyo mlo na dawa vinafanya kazi pamoja. Mlo haukuja kuchukua nafasi ya dawa, na ninamsihi kwa dhati asiache hata kidonge kimoja kabla daktari wake hajaona vipimo vipya.

Kuhusu dai kwamba wanaokula mimea pekee hawapatwi na maradhi ya moyo, ushahidi mzuri tulio nao unatoka Uingereza, katika utafiti wa EPIC-Oxford, uliofuatilia watu zaidi ya 48,000 kwa muda wa takriban miaka 18. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wasiokula nyama wala samaki walipatwa na maradhi ya moyo yanayotokana na mishipa kuziba kwa asilimia 22 pungufu kuliko wanaokula nyama, lakini walipatwa na kiharusi kwa asilimia 20 zaidi. Asilimia hizo hutisha zikisemwa peke yake, kwa hiyo zitazame hivi: katika kila watu 1,000 waliofuatiliwa kwa miaka 10, wasiokula nyama walikuwa na wagonjwa wa moyo 10 pungufu na wagonjwa wa kiharusi watatu zaidi. Faida ilizidi hasara, ila hasara ilikuwepo. Waliokula samaki bila nyama walipata sehemu ya faida ya moyo bila kuonyesha ongezeko hilo la kiharusi, na ndiyo maana mtu wa Nairobi anayetaka kuacha nyama nyekundu, huku omena na dagaa wakiuzwa kila soko, humwona mshauri kama mimi akisita kumwambia aache na samaki pia.

Huenda mumeo amesoma pia kuhusu Waadventista Wasabato wa Marekani na Kanada. Ripoti ya mwaka 2013 iliyohusu watu 73,308 miongoni mwao ilionyesha kwamba wasiokula nyama walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12, na tofauti hiyo ilionekana wazi zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake. Kwa kuwa wote waliolinganishwa walikuwa wa kanisa moja, haitoshi kusema kwamba siri yao ni kuepuka tumbaku na pombe. Lakini katika utafiti wa Uingereza niliotangulia kuutaja, vifo kwa jumla havikutofautiana. Hiyo ndiyo hali ya elimu hii kwa sasa, na ninaiheshimu zaidi ikielezwa ilivyo kuliko ikitiwa chumvi na upande wowote.

Jambo ambalo halina ubishi mkubwa ni soseji. Mnamo Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama iliyosindikwa, yaani soseji, smokie, bekoni na mfano wake, katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Gramu 50 kwa siku, ambayo ni kama soseji moja, huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kundi la chini yake, lile la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Soseji pia imejaa chumvi, na kwa mtu mwenye shinikizo la 158, chumvi ndiyo adui wa kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, ambayo haijai vizuri kijiko kidogo cha chai. Kama mumeo angeacha soseji na chumvi ya kuchovya leo, na asiguse kitu kingine chochote, ningemhesabia kwamba amekwisha kutembea sehemu kubwa ya safari.

Kisha litazame sahani linalobaki baada ya nyama kuondoka. Nimepokea ofisini watu walioacha nyama wakahamia chapati, chipsi, mandazi na soda, na lehemu yao ikapanda. Mafuta ya kupikia yale yanayoganda ndani ya mkebe mara nyingi hutokana na mawese. Ni ya mimea kabisa, na bado yana mafuta yanayoziba mishipa. Nyama ikipishwa na ndengu, maharagwe, njahi, soya, njugu na mboga za majani zilizopikwa kwa mafuta kidogo ya maji, hapo ndipo zile namba za majaribio zinapoweza kufika nyumbani kwenu.

Kuhusu binti na mvulana nitarudi baadaye leo, kwa kuwa sitaki kuyaandika kwa haraka.

Mstaafu wa Rongai

Mama, salamu. Nina miaka 61, na niliishi bila nyama, samaki, mayai wala maziwa kwa miaka tisa, kwa sababu za imani ambazo bado ninazishika. Ninaandika ili yaliyonipata yasimpate mama mkwe wako.

Miaka sita ya kwanza ilikuwa ya afya njema. Uzito ulipungua, presha ilishuka, na nilikuwa nikitembea hadi Kiserian bila kuhema. Mwaka wa saba nilianza kuhisi ganzi kwenye vidole vya miguu, kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu, na uchovu ambao usingizi haukuuondoa. Nilikwenda kwenye zahanati moja mjini, nikapimwa damu, nikaambiwa damu ni pungufu, nikapewa vidonge vya asidi ya foliki na madini ya chuma. Damu ilipanda. Kila mtu alifurahi, nami nilifurahi, ila ganzi ilizidi kupanda kuelekea magotini, na nikaanza kusahau majina ya watu niliofanya nao kazi miaka thelathini. Ilichukua karibu mwaka mzima hadi daktari mwingine aliponipima vitamini B12 na kuikuta chini mno.

Alinieleza jambo ambalo laiti ningalilijua mapema. B12 haitengenezwi na mmea wowote. Hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Ini huweka akiba yake, na akiba hiyo yaweza kudumu miaka kadhaa, ndiyo maana mtu hujiona mzima kabisa huku ghala linakwisha. Ikiisha, huharibu damu na mishipa ya fahamu kwa pamoja. Asidi ya foliki hurekebisha damu na kuuficha ugonjwa, lakini mishipa ya fahamu huendelea kuharibika chini kwa chini. Nilichomwa sindano za B12 kwa wiki kadhaa. Kumbukumbu ilirudi, ganzi ya magotini ikaisha, ile ya vidoleni ingali nami hadi leo.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona, na kidonge chake ni cha bei ambayo haimshindi mtu anayeweza kununua kilo ya nyama. Bado sili nyama. Lakini kidonge sikikosi. Na sasa, mama, ulisema mama mkwe wako anatumia metformini tangu 2014. Dawa hiyo, ikitumiwa miaka mingi, hupunguza uwezo wa mwili wa kufyonza B12, na uzee nao huupunguza. Mama huyo anaweza kuwa ameanza kupungukiwa hata kabla mumeo hajatangaza sheria mpya jikoni. Apimwe, na apimwe mapema.

Ole wa Kitengela

Kwa heshima, naona mnazungumza kana kwamba nyama ni sumu iliyoletwa juzi. Wazee wetu walikula nyama, maziwa na damu, na walikuwa warefu na wenye nguvu. Mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya, wakiwalinganisha Wamaasai na Wakikuyu waliokuwa wakiishi kwa nafaka, viazi vitamu na kunde. Wanaume wa Kimaasai walionekana kuwa warefu zaidi kwa inchi 5 na wazito zaidi kwa ratili 23. Tena mwaka 1964, George Mann alichapisha vipimo vya Wamaasai wa Tanganyika, akakuta lehemu ya chini ajabu kwa watu wenye mlo wa namna hiyo. Mtu asiwatishe watu kuhusu chakula cha asili yao.

Binti wa Parklands

Ole, kaka yangu, nami ninatoka upande wa pili wa hoja hiyo hiyo, na naomba unisikilize. Familia yetu ni ya Wagujarati. Tangu babu wa babu yangu hakuna aliyeonja nyama, na tumezaliwa hapa Nairobi vizazi vinne. Kama kuacha nyama kungetosha kumlinda mtu, baba yangu asingepatwa na mshtuko wa moyo akiwa na miaka 54. Hakuwahi kula hata yai. Lakini alikula samli, vitafunio vya kukaanga kila jioni, na vitamu vya sukari kila sikukuu, na sikukuu zetu ni nyingi. Alikuwa dukani ameketi tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Watu wenye asili ya Asia ya Kusini tunajulikana kwa kupata kisukari na maradhi ya moyo mapema, wanaokula nyama na wasiokula nyama.

Kilichotufaa sisi watoto wake ni kurudi kwenye mapishi ya bibi: dengu za kila siku, mtindi wa nyumbani, mboga kwa wingi na ndimu juu ya kila kitu. Dada, kuhusu binti yako asiyependa maharagwe, jaribu dengu nyekundu zilizopikwa hadi zikalainika kama uji mzito, uzitie bizari, kitunguu saumu na nyanya. Wapo watoto wengi wasiopenda punje ya maharagwe mdomoni lakini hawana ugomvi na ladha yake.

Mshauri wa Lishe, Kasarani

Nimerudi, na ninawashukuru waliotangulia. Kwanza nimjibu Ole, maana amesema kweli ila si kweli yote. Orr na Gilks waliwakuta Wakikuyu wa wakati ule na upungufu wa damu na meno mabovu zaidi. Vilevile waliwakuta Wamaasai wakisumbuliwa zaidi na kufunga choo na ugonjwa wa viungo. Urefu nao hurithiwa, kwa hiyo si haki kuuhesabia chakula peke yake. Ama Mann, mwaka 1972 alitoa matokeo ya uchunguzi wa maiti 50 za Wamaasai: utando wa mafuta ulikuwemo mishipani, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na yeye aliona kwamba huenda kutembea kwao sana ndiko kulikowahifadhi. Mume wa dada yetu hachungi ng'ombe. Anakwenda kazini kwa matatu na kurudi kwa matatu.

Niongeze pia jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Alitambua kwamba wagonjwa wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa hawakuwa wakipata maradhi ya utumbo mpana kama Waingereza walivyoyapata, akaanza kuwahimiza watu wa nchi yake wale nyuzinyuzi. Githeri ambayo mama anaisifu ina nyuzinyuzi tele, na mama yuko sahihi kuisifu.

Lakini githeri hiyo hiyo imepimwa, tena hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1998, Charlotte Neumann wa Marekani na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliongoza jaribio katika shule 12 za Embu. Watoto wa kundi moja walipewa githeri yenye nyama ya kusaga, wa pili githeri pamoja na maziwa, wa tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na wa nne hawakupewa kitafunio. Wengi walianza wakiwa na B12 pungufu, na upungufu huo ulipungua sana kwa waliopewa nyama au maziwa, si kwa wale wa mafuta. Waliopata nyama waliongeza misuli na kufanya vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiri. Na miongoni mwa wale wadogo na waliodumaa, maziwa yaliwasaidia kurefuka. Ninapoulizwa kama mtoto wa Kenya aondolewe kila kitu cha mnyama, jaribio hilo ndilo linalonijia kwanza. Mvulana wako wa miaka minne ana tumbo dogo. Akijazwa vyakula vya nyuzinyuzi tupu hushiba kabla hajapata nguvu na protini za kumtosha. Yai kila siku au kila baada ya siku moja, maziwa, na omena waliosagwa ndani ya mchuzi vitamfaa bila kumkera baba yake kwa harufu ya nyama choma.

Kwa binti, shida kubwa ni madini ya chuma, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Chuma cha nyama hufyonzwa kwa wepesi. Cha maharagwe na mboga hufyonzwa kwa uzito, lakini uzito huo unaweza kupunguzwa jikoni. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe, uji uchachushwe, ndimu, nyanya au chungwa viwepo mezani, kwa maana vitamini C huvuta chuma hicho kiingie mwilini. Na chai isinywewe pamoja na chakula. Najua ni vigumu kumwambia mtu wa Nairobi maneno hayo, lakini chai inayonywewa wakati wa mlo yaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Ingojwe saa moja. Unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, huongezwa chuma, zinki, asidi ya foliki na B12 kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 2012, na huo ni msaada, ingawa hautoshi kumtegemeza mtu asiyekula kitu chochote cha mnyama. Ule wa kusagisha kwenye kisiagi cha mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Kwa mama mkwe, nakubaliana na mzee wa Rongai neno kwa neno kuhusu kipimo cha B12. Ninaongeza mifupa. Utafiti ule wa EPIC-Oxford ulitoa matokeo mengine mwaka 2020: wanaokula mimea pekee walivunjika nyonga mara 2.3 zaidi ya wanaokula nyama, na sehemu ya tofauti hiyo ilihusishwa na wembamba pamoja na uchache wa kalsiamu na protini. Mama wa miaka 73 anayekula kidogo hapaswi kupunguziwa zaidi. Maziwa mala, yai, samaki wa kuchemsha, na sukuma wiki, ambayo kalsiamu yake hufyonzwa vizuri kuliko ile ya spinachi.

Mama wa Buruburu

Nawashukuru nyote, na mzee wa Rongai nakushukuru zaidi, kwa sababu nilimsomea mama mkwe maneno yako na akanyamaza, kisha akasema kwamba nyayo zake zimekuwa na ganzi tangu mwaka jana, naye alidhani ni kisukari tu. Huenda ni kisukari kweli. Tutampeleka Alhamisi, na nitaomba B12 ipimwe pamoja na sukari.

Jana usiku nilikaa na mume wangu tukayasoma majibu pamoja. Amekubali kuendelea na dawa zote mbili hadi vipimo vya mwezi wa tatu, na soseji hazitarudi. Yeye mwenyewe atakula vyakula vya mimea na kumeza kidonge cha B12; hilo ni uamuzi wake na nitampikia kwa moyo mweupe. Mayai, maziwa na omena vimerudi jikoni kwa ajili ya watoto na mama. Alichokataa ni kuhamishwa kwa chupa ya chai kutoka mezani wakati wa chakula cha jioni, na juu ya hilo bado tunazungumza. Dengu za dada wa Parklands nimeziloweka tayari, ingawa sikuona alipoandika kama zile nyekundu zinahitaji kulowekwa. Nitashukuru akinijibu kabla ya saa kumi na moja, niwashe jiko.

Binti wa Parklands

Nyekundu hazihitaji, dada, lakini hujaharibu kitu. Mwaga maji hayo, zioshe, zitie maji mapya, na zitakuwa zimeiva kabla ya dakika ishirini. Ndimu itie baada ya kuepua.